Konokono wengi kwenye mchu: ni mizizi, au ni mahali?

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea sayansi ya bahari. Kwa mradi wangu tulikwenda Gazi, Kwale, tukahesabu konokono katika aina tatu za mizizi: ya mkoko, iliyosimama kama miguu ya buibui, ya mchu, inayochomoza matopeni kama penseli, na ya mlilana, iliyo minene kama vigingi. Kwenye mchu tulichoka kuhesabu. Kwenye mlilana walikuwa wachache, ila wa namna nyingi. Mkoko niliutarajia uongoze kwa kuwa mizizi yake ni mikubwa, lakini ukaja nyuma. Nikaandika katika hitimisho kwamba mizizi ya penseli ndiyo makao bora ya konokono. Msimamizi wangu amepiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo na kuandika maneno mawili tu: "Una hakika?" Nimekosea wapi? Na swali dogo: kuna njia ya kujua kama konokono hurudi kwenye mti uleule?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako amekuhurumia. Mimi ningeifuta sentensi nzima. Lakini hesabu yenu msiitupe, maana haina ubaya. Ubaya uko katika hatua ile ndogo ya kutoka "tuliwakuta wengi pale" hadi "wako pale kwa sababu ya mizizi". Hapo mmeruka mtaro bila kuupima upana.

Nianze na majina, kwa ajili ya wasomaji wa bara. "Mikoko" ni msitu mzima, lakini "mkoko" ni pia mti mmoja ndani ya msitu huo, Rhizophora mucronata. Mchu ni Avicennia marina. Mlilana ni Sonneratia alba. Mkandaa ni Ceriops tagal, muia ni Bruguiera gymnorhiza, na mkomafi ni Xylocarpus granatum. Yote ina shida moja, nayo ni kwamba matope inamoota hayana hewa. Chimba shubiri moja tu, utakutana na weusi na harufu ya yai viza. Kwa hiyo kila mti umejitafutia pua yake. Mkoko hushusha miguu kutoka shinani na kuvuta hewa kwa vitundu vilivyo kwenye ganda la miguu hiyo. Mchu hutandaza mizizi chini kwa chini, kisha husukuma vijiti juu, na mti mmoja mkubwa waweza kuwa na vijiti hadi 10,000. Mlilana hufanya vivyo hivyo, ila vijiti vyake hunenepa mwaka hadi mwaka na kuwa mbao. Muia na mkandaa hukunja mizizi kama magoti. Mkomafi una mizizi bapa inayojipindapinda juu ya ardhi. Huo hamkuuhesabu, nami sitausemea.

Sasa maji. Pwani yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 3 hadi 4. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, hubaki mita 1 hivi. Msitu wa mikoko umepangwa kufuata vipimo hivyo kama ngazi ya nyumba. Mlilana umekaa kipandio cha chini kabisa, upande wa bahari, ambako maji huufunika kila siku. Kinachofuata ni mkoko, kisha muia na mkandaa. Juu kabisa, karibu na nchi kavu, upo mchu mfupi mfupi unaopata maji wakati wa bamvua tu, na katikati ya bamvua mbili matope yake hukauka, hupasuka, na chumvi hung'aa juu yake.

Kwa hiyo ulipoandika "mizizi ya penseli" hukuandika umbo la mzizi peke yake. Uliandika pia jua kali, chumvi, siku kadhaa bila maji, majani machache yaliyoanguka, na samaki wasioweza kufika. Na ulipoandika "mizizi ya vigingi" uliandika mawimbi, chaza, mwani, na kuzama kila siku. Mizizi na mahali vimekuja vimefungwa kamba moja, nanyi mmevuta kamba mkadhani mmevuta mzizi.

Utaniuliza, basi nitavitenganishaje? Gazi yenyewe imekupa njia, tena bure. Mchu wa Gazi haukai ukanda mmoja. Unakaa miwili: mmoja juu, upande wa nchi kavu, na mwingine chini, upande wa bahari, jirani na mlilana. Katikati yake umelala mkoko na mkandaa. Watu wengi hupita pale wasijiulize kitu, lakini kwa swali lako hiyo ni dhahabu. Mti ni uleule, penseli ni zilezile, lakini vipandio vya ngazi ni viwili tofauti. Kama umbo la mzizi ndilo linaloamua, basi konokono wa mchu wa juu wangefanana na wa mchu wa chini. Nenda kaangalie. Juu utakuta makundi ya Cerithidea decollata yamening'inia mashinani, na ukiinua gogo lililooza utamkuta Cassidula labrella, konokono mdogo wa rangi ya kahawia anayevuta hewa kwa pafu kama konokono wa shambani kwako. Chini, upande wa bahari, utawakuta zaidi wa jamii ya Littoraria na wa jamii ya Nerita. Mizizi ni ileile, wakazi ni wengine.

Najua mlihesabu mchu wa upande gani hata kabla hujaniambia. Ni ule wa juu, kwa sababu ndio ulio karibu na njia na mtu haogopi kuzama mapajani. Wanafunzi wote huanzia hapo. Hata mimi nilianzia hapo.

Nikae kidogo na huyu Cerithidea, kwa sababu nadhani ndiye aliyewajazia daftari. Ni konokono mwembamba, urefu wa kiungo kimoja cha kidole, na gamba lake limekatika ncha. Si kwamba limevunjika kwa ajali. Wakubwa wote wako hivyo, na hata jina lake la kisayansi lina maana ya aliyekatwa kichwa. Maji yakipwa hushuka kutoka kwenye shina, hutambaa matopeni na kulamba utando wa viumbe vidogo vya kijani ulio juu ya matope. Kabla maji hayajarudi hupanda tena. Sikiliza neno hilo: kabla. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florence, Italia, walimfuatilia kwa miaka mingi katika hori la Mida, karibu na Watamu, wakaona kwamba hasubiri kuguswa na maji. Ana saa yake ya ndani. Bahari ingali mbali, yeye ameshaanza safari ya kurudi shinani.

Sasa jiulize: huyu anaishi kwenye mizizi ya penseli? Anakula kati ya penseli, analala kwenye shina. Penseli yenyewe haimfai kitu wakati maji yanapojaa, kwa sababu ni fupi. Ukimhesabu saa ya maji kupwa utamwandika "matopeni, kati ya mizizi". Ukimhesabu saa mbili baadaye utamwandika "shinani". Konokono ni yuleyule, na jedwali lako limebadilika kabisa. Ndiyo maana nikisoma ripoti ya konokono wa mikoko, kitu cha kwanza ninachotafuta ni saa ya kuhesabu na siku ya mwezi, na mara nyingi sivipati.

Hoja yako ya ukubwa wa mizizi ya mkoko ina maana, lakini tuipigie hesabu badala ya kuisema kwa macho. Tuseme penseli moja ya mchu ina urefu wa sentimita 20 na unene wa sentimita 1. Ganda lake, likikunjuliwa kama karatasi, lina ukubwa wa sentimita za mraba 63 hivi. Tuseme zipo 300 katika mita moja ya mraba. Jumla ni karibu sentimita za mraba 18,850, yaani sakafu ya mita moja ya mraba imeongezewa karibu mita mbili za ganda. Sasa chukua mguu mmoja wa mkoko wenye urefu wa sentimita 150 na unene wa sentimita 4. Huo una sentimita za mraba 1,885. Ili kufikia zile penseli unahitaji miguu kumi katika mita moja ya mraba. Kumi tu! Vijiti 300 na miguu 10 vinatoka sare kabisa.

Kwa hiyo ukubwa wa eneo si jibu, wala kwa mkoko wala kwa mchu. Tofauti iko kwenye kimo. Zile mita mbili za mchu zote zimebanwa ndani ya sentimita 20 kutoka matopeni. Maji yakifika magotini yameshazimeza zote. Za mkoko zimesambaa hadi kifuani mwako na kupita. Kwa mnyama anayekimbia maji, mkoko ni nyumba ya ghorofa, mchu ni zulia. Na kwa mnyama asiyekimbia maji, mambo yanageuka: zulia la vijiti hushika majani yanayoelea, hushika tope laini, huota mwani mwembamba, na vikonokono vidogo vya milimita chache, kama wa jamii ya Assiminea, hula hapo bila shida. Hao hukuwaona, au uliwaona ukadhani ni chembe za mchanga. Lete kioo cha kukuzia siku nyingine.

Basi wakazi wa ghorofa ya mkoko walikuwa wapi siku ile? Nakushuku, mwanangu, kwamba hukuinua kichwa. Nakushuku kwa sababu niliwahi kufanya vilevile. Nilipokuwa mwanafunzi nilimaliza asubuhi nzima kwenye mkoko, nimeinama, nikaandika sifuri, sifuri, sifuri. Mama mmoja aliyekuwa akipita na kapu lake la chaza akasimama kunitazama. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia konokono. Akacheka, akanyoosha mkono juu ya kichwa changu, akabandua kimoja kwenye tao la mzizi, akaniwekea kiganjani, akaenda zake. Daftari lile ninalo hadi leo.

Alichobandua kilikuwa Littoraria scabra. Kitazame vizuri ukikipata: gamba la kijivu lenye mistari midogo iliyokatikakatika, limefunga mlango wake kwa kifuniko chembamba, na limejigandisha kwenye mti kwa ukingo wa gamba tu, kwa uzi wa ute uliokauka. Mguu wake wote uko ndani. Kwa namna hiyo hapotezi maji juani, na ganda la mti likichemka halimchomi. Ukikibandua utasikia mlio mdogo, kama wa gundi ya karatasi inayoachia. Ndugu yake Littoraria pallescens hupanda zaidi, hadi majanini, na huyo huja kwa rangi mbalimbali, njano, rangi ya chungwa, kahawia, hata mtu hudhani ni aina tatu. Ni aina moja. Kama ulihesabu rangi kama aina, hapo pia kuna marekebisho.

Chini ya mkoko nako si kutupu. Anaishi pale mkubwa wao wote, Terebralia palustris, yule mweusi aliyechongoka kama pia, ambaye wakubwa wake hupita sentimita 10. Wadogo wake hulamba matope. Wakishakua, meno ya ulimi wao hubadilika na huanza kula majani yaliyoanguka. Huyu hahitaji mzizi wa kupanda. Anachohitaji ni jani. Na hapa utaona jambo la kukufurahisha ukikaa kimya dakika 20 bila kutikisa matope: jani moja la mkoko linaanguka, konokono mmoja analifikia, anaanza kutafuna. Harufu ya jani linalotafunwa husafiri hewani. Wengine waliokuwa wamelala hugeuza vichwa na kuanza kuja, na baada ya muda jani limefunikwa. Si uroho tu. Kuna kaa wa jamii ya Neosarmatium wanaotaka jani hilohilo ili waliburute hadi shimoni. Konokono mmoja hawezi kushindana na kaa. Wakiwa wengi juu ya jani, uzito wao unalikandamiza na kaa hulivuta asiliweze.

Maana yake kwa hesabu yako ni hii: Terebralia hukaa kwa mafungu. Ukitupa fremu yako ya mraba ya kuhesabia juu ya jani utapata wengi mno, ukiitupa hatua mbili pembeni utapata sifuri. Fremu tano hazitoshi kwa mnyama wa namna hiyo. Chukua 20 au zaidi, na uzitupe kwa kura, siyo pale unapoona pamependeza.

Na mkoko una hatari ambayo mchu wa juu hauna. Kati ya miguu ile hujificha kaa, na mmoja wao, Epixanthus dentatus, hula konokono. Anavunja gamba kwa gando lake kubwa kama mtu anavyovunja kungu. Maji yakijaa, samaki na kaa waogeleao huingia pia. Kwa hiyo uchache wa konokono kwenye mizizi ya chini ya mkoko si lazima uwe dalili kwamba mizizi haifai. Huenda walikuwapo na wakaliwa, na waliobaki wamejifunza kukaa juu. Tafuta vipande vya magamba chini ya mizizi. Vinaeleza mengi kuliko watu wanavyodhani.

Mlilana sasa. Hapa umeona kweli, na hapa ndipo mzizi wenyewe una la kusema. Kigingi cha mlilana ni mbao, hudumu miaka, na ganda lake linashika vitu. Kwanza hujibandika wanyama wadogo wenye magamba ya chokaa, kisha chaza, kisha mwani, mahali pengine hata sifongo. Kila chaza akifa huacha kikombe kitupu. Kwa hiyo kigingi kimoja cha urefu wa mkono kinakuwa na mashimo, paa, vivuli na vidimbwi vidogo vinavyobaki na maji wakati wa kupwa. Ndani yake utamkuta Nerita mwenye kifuniko kigumu kama jiwe, Littoraria mchanga, na konokono wawindaji wanaotoboa chaza kwa ulimi. Penseli ya mchu, kwa kuwa ni laini na nyembamba, haibebi mzigo kama huo. Kama unataka kuandika sentensi moja kuhusu umbo la mzizi, hii ya mlilana ingeshika zaidi kuliko ile ya mchu.

Lakini tenganisha wingi na aina, maana katika swali lako umeviweka chungu kimoja. Fikiria ndoo mbili. Ya kwanza ina konokono 100: wa aina moja 96, na aina nyingine mbili, wawili wawili. Ya pili ina 40: aina nne, kumi kumi. Mfumbe macho mwenzako, mwambie achote wawili kutoka ndoo ya kwanza. Nafasi ya kutoa wawili wa aina tofauti ni kama 8 katika 100. Ndoo ya pili ni kama 77 katika 100. Hicho ndicho kipimo cha Simpson, wala huhitaji kukiogopa; ni kufumba macho na kuchota. Mchu wako wa juu, nina hakika, ni ndoo ya kwanza. Mlilana ni ya pili. Ukisema "mchu ni bora" umesema ndoo iliyojaa aina moja ni bora, na hilo linategemea unataka ndoo ya nini.

Wingi nao usiuabudu, wala uchache. Konokono wakipungua, sababu yaweza kuwa mbali kabisa na mizizi. Katika mikoko iliyo kando ya mji wa Mombasa, inayopokea maji machafu ya majumbani, wataalamu walikuta kaa wamenawiri huku konokono, hasa Terebralia, wamepungua au wametoweka. Mizizi ilikuwa palepale.

Sasa kazi. Usirudie kila kitu. Rudi Gazi mara moja, siku ya bamvua, na mfike maji yakiwa yanaendelea kupwa. Ongezeni mchu wa upande wa bahari. Mkipata sehemu ambapo mchu huo umechanganyika na mlilana, na mkoko haujawa mbali, hesabuni aina zote tatu ndani ya hatua chache, mahali palipo sawa kwa maji. Kusoma kiwango cha maji huna haja ya mashine: angalia alama ya tope kwenye mashina na pima kwa kamba kutoka chini. Kwa kila mti andikeni vitu vitatu mbalimbali: konokono walio matopeni, walio kwenye mizizi, na walio kwenye shina hadi mita 2, pamoja na kimo cha kila mmoja. Hesabuni upya saa ya maji kuingia, kabla hayajawafikia. Fremu kumi chini ya mti mmoja si sampuli kumi. Ni ndugu wa tumbo moja. Bora miti kumi iliyo mbalimbali, fremu mbili kila mti.

Kila gamba ligeuze. Ukiona kifuniko cha mviringo, ni konokono. Ukiona kucha zinarudi ndani kwa haraka, huyo ni kaa aliyehamia kwenye gamba tupu, na magamba ya Terebralia wanayapenda sana. Nimewahi kuona jedwali zima la "konokono" ambalo nusu yake ilikuwa na miguu kumi.

Kama mna muda na moyo, kuna jaribio la bei ya mianzi. Kata vijiti vyembamba vya sentimita 20 na vingine vinene vya sentimita 20, na vipande virefu vya mita 1.5 uvikunje kuwa matao. Vyote vipandwe kwenye ukanda mmoja, kimo kimoja cha maji, umbali sawa kutoka kwenye miti. Rudini baada ya wiki kadhaa, muendelee kwa miezi. Hapo umbo litakuwa limekatwa kutoka kwenye kamba ya mahali, na atakayepanda atakuwa amepanda umbo. Ombeni ruhusa kwanza kwa kikundi cha kijiji kinachotunza msitu na kwa ofisi ya misitu. Gazi wamekuwa wakipanda mikoko tangu mwaka 1991, na mradi wao wa Mikoko Pamoja unauza hewa ukaa, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti, tangu 2013. Hawatapenda kukuta mianzi ya mgeni asiyejulikana katikati ya miche yao.

Nikiwa hapo, nitoe dukuduku langu. Pwani nzima watu wakisema "tupande mikoko" hupanda mkoko, Rhizophora, kwa kuwa mche wake ni mrefu kama rungu na unauchomeka tu matopeni. Picha zinapendeza. Lakini ukipanda miguu ya buibui mahali palipokuwa pa penseli au vigingi, unawaita wakazi wengine, kama mche wenyewe utapona. Hilo utakapolisema katika ripoti, lisemee kwa jedwali lako.

Sentensi yako nakushauri uibadilishe iwe hivi: "Katika siku tulizohesabu, maji yakiwa yamepwa, konokono walikuwa wengi zaidi katika ukanda wa mchu wa upande wa nchi kavu, na aina zilikuwa nyingi zaidi kwenye mlilana; lakini kwa kuwa aina za mizizi zilikuwa katika vimo tofauti vya maji, hatuwezi kutenganisha athari ya mizizi na ya mahali." Ni ndefu, haina mbwembwe, na msimamizi hatapata pa kuchora mstari.

Na lile swali dogo, ambalo kwa kweli ndilo nililolipenda zaidi. Njia ipo, na iko dukani: rangi ya kucha. Nunua chupa tatu, nyekundu, nyeupe na buluu. Chagua miti mitatu ya mchu ya jirani, kila mti na rangi yake. Subiri Cerithidea wakiwa shinani, pangusa gamba kwa kitambaa mpaka likauke, weka nukta moja mgongoni, mbali na mdomo wa gamba, na usimbandue. Acha rangi ikauke dakika chache kabla maji hayajafika. Tia nukta kwa 50 kila mti. Kesho yake, na keshokutwa, nenda saa ileile ya maji uhesabu wekundu wangapi wako kwenye mti wa wekundu na wangapi wamehamia kwa jirani. Nenda na tochi usiku pia, kwa sababu hupanda na kushuka usiku kama mchana. Buti za mpira ziache nyumbani. Matope ya Gazi yalinivua moja mwaka wangu wa kwanza, na sijui iko kipandio gani sasa. Vaa viatu vya kamba vinavyobana kifundo.